Kigingi si Ploti

Hapa Ikutha siku hizi naona vigingi vikipigwa mashambani. Je, shamba la mtama na pojo likishakatwa vipande, limekwisha kuwa mtaa wa nyumba? La hasha!

Kwanza, kugawa au kuuza shamba la kilimo kwahitaji kibali cha bodi ya ardhi. Sheria ya mwaka 1967 inatoa miezi 6 tangu kupatana, ombi liwe limefika. Bila kibali, mapatano ni batili.

Pili, sheria ya mipango ya mwaka 2019 inataka mwenye shamba aombe ruhusa ya kaunti kabla ya kubadilisha matumizi. Hapo ramani hukaguliwa. Njia ya gari ipo? Maji ya mvua yatateremkia kwa nani? Jirani naye ana haki ya kutoa pingamizi. Anayejenga bila ruhusa aweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000, au kufungwa hadi miezi 2, au yote mawili.

Basi tuwaambie wazazi wetu: kabla ya kuuza mbuzi mlipe arubuni, ombeni kwanza kuziona karatasi hizo mbili. Kigingi hung'olewa hata na mtoto, lakini mbuzi akishauzwa harudi kwa mluzi.