Sakoidosisi na mishipa ya fahamu

Sakoidosisi ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hujenga vinundu vidogo mno ndani ya viungo. Huanzia zaidi mapafuni na kwenye matezi ya kifua, lakini ngozi, macho, ini na moyo navyo havisalimiki. Chanzo chake bado hakijulikani. Katika kila wagonjwa 100, watano hadi 10 hivi huonyesha dalili katika mfumo wa fahamu, na baadhi yao huumia mishipa iliyo nje ya ubongo na uti wa mgongo, ile iendayo usoni, mikononi na miguuni.

Mshipa wa fahamu umejengwa kama kamba ya usumba: nyuzi nyembamba hukusanywa mafungu, kila fungu likawa na ala yake, kisha mafungu yote yakavishwa ala moja ya nje. Humo hupita vijishipa vya damu vinavyolisha nyuzi. Vinundu vya sakoidosisi huota ndani ya ala hizo na kandokando ya vijishipa. Vikikua hubana nyuzi. Vikizingira kijishipa, damu hupungua na nyuzi hufa kwa njaa. Kemikali zinazomwagwa na chembe za kinga huzidisha madhara.

Mshipa unaoshambuliwa zaidi ni ule wa uso. Mdomo hupinda, jicho halifungi, na nyumbani watu hudhani ni kiharusi. Paji la uso husaidia kutofautisha: mwenye kiharusi kwa kawaida bado hulikunja, ila mshipa wa uso ukiumia, upande huo hubaki bila mkunjo. Mwaka 1909 daktari wa macho wa Denmark, Christian Heerfordt, alieleza hali inayounganisha homa, uvimbe wa tezi za mate, macho mekundu na, mara nyingine, uso uliopooza.

Wengine huumia nyuzi nyembamba kabisa, zinazobeba maumivu na joto. Nyayo huwaka moto usiku, hata shuka likigusa huuma. Lakini nguvu za misuli zipo, na kipimo cha umeme wa mishipa hutoka safi, kwa kuwa hupima nyuzi nene tu. Mgonjwa huambiwa hana kitu, naye anateseka kweli.

Katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Pwani, Tumbi, mjini Kibaha, kama ilivyo kwingine nchini Tanzania, ganzi ya miguu humfanya daktari afikirie kwanza kisukari, virusi vya Ukimwi na ukoma, na ni haki yake. Ukoma nao hujenga vinundu ndani ya mishipa. Tanzania ilishuka chini ya mgonjwa 1 kwa kila watu 10,000 mwaka 2006, lakini wagonjwa wapya bado hupatikana. Daktari hupapasa nyuma ya kiwiko, ambako mshipa ulioathirika huwa mnene, kisha hugusa baka la ngozi kwa pamba. Baka la ukoma kwa kawaida halihisi. La sakoidosisi huhisi. Kipande cha ngozi au cha tezi huchunguzwa kwa hadubini kutafuta vimelea, japo katika ukoma wenye vimelea vichache huenda visionekane.

Kifua kikuu ni mtego mwingine, hasa kwa kuwa Tanzania imo katika nchi zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Matezi ya kifua yaliyovimba kwenye eksirei yanaweza kuwa ya kifua kikuu au ya sakoidosisi. Predinisoloni, dawa kuu ya sakoidosisi, hutuliza vinundu, lakini akipewa mwenye kifua kikuu kisichogunduliwa humwachia adui mlango wazi. Makohozi yapimwe kwanza, na sukari pia, kwa sababu dawa hiyo huipandisha. Wasioitikia hupewa methotreksati au infliksimabu, huku maumivu ya nyuzi nyembamba yakitulizwa kwa amitriptilini au gabapentini.

Uzi wa fahamu uliokatika huota tena takriban milimita 1 kwa siku, tena pale tu njia yake ilipobaki wazi. Kwa hiyo mwenye uso uliopinda, nyayo zinazowaka au baka lisilohisi asingoje hadi vidole vikunjamane. Afike hospitali mapema. Na kama ni ukoma au kifua kikuu, dawa hutolewa bure.