Uzito Unaobeba Uzito

Foklifti ya kuinua tani mbili na nusu huwa yenyewe na uzito wa karibu tani nne. Mgeni akiingia ghalani hutazama uma na mlingoti wa mbele. Fundi hutazama kwanza nyuma, kwenye donge la chuma cha kusubu lililo mgongoni mwa dereva. Ekseli ya mbele ni egemeo la pembea: mzigo upande huu, chuma upande ule.

Soma kibao cha uwezo kilichobandikwa karibu na usukani: kilo 2,500, milimita 500. Namba ya pili ndiyo inayopuuzwa. Ni umbali kutoka mgongo wa uma hadi katikati ya uzito wa mzigo. Tuseme ekseli iko milimita 400 nyuma ya mgongo huo wa uma. Basi mzigo uko milimita 900 mbele ya egemeo. Sasa pakia kreti ndefu ambayo kitovu chake kiko milimita 750. Umbali umefika 1,150, na mashine ileile sasa inamudu takriban kilo 1,950 tu. Hakuna kilo iliyoongezwa. Kitovu kimesogea shubiri moja na kidogo.

Donge hilo linakula nafasi. Ili foklifti ya kawaida igeuke na paleti, ujia kati ya rafu huhitaji karibu mita tatu na nusu hadi nne, na kodi ya ghala hulipwa kwa eneo. Ndipo ikaja richi traki, ambayo kwangu ndiyo yenye ubunifu mkubwa kuliko zote. Ina miguu miwili iliyotangulia mbele, na mlingoti wake husogea katikati ya miguu hiyo: hunyooka kuchukua paleti, kisha hurudi nayo ndani. Mzigo ukisafiri kati ya magurudumu, donge kubwa halihitajiki tena. Ujia wa mita tatu hivi unatosha, na rafu hupanda zaidi ya mita kumi.

Kazi ya chini, ya kuhamisha paleti bila kuipandisha, iachiwe jeki ya mkono yenye pampu ya haidroliki. Kwenye yadi za makontena, kama bandarini Mombasa na Dar es Salaam, ni zamu ya majitu yenye mkono mrefu unaoshika kontena kwa juu.

Ndani ya ghala lililofungwa, injini ya dizeli haifai: moshi wake hujaza hewa sumu. Ya umeme ni bora, na betri yake ya risasi, ambayo uzito wake ungekuwa kero kwenye gari, hapa husaidia kazi ya lile donge.

Hatari kubwa iko kwenye kona. Foklifti hukata kona kwa magurudumu ya nyuma, na ekseli hiyo hucheza kwenye pini moja katikati, hivyo mashine husimama juu ya pembetatu, ingawa ina magurudumu manne. Ukikata kona kwa kasi huku mzigo uko juu, uzito hutoka nje ya pembetatu hiyo na mashine hulala ubavu. Dereva uliyeketi, ikianza kulala usiruke, maana paa la chuma litakuangukia. Mkanda ubaki umefungwa, shika usukani kwa nguvu, egemea upande usioangukia.