Nani Mkali Zaidi? Taja Kwanza Umri

Birere si mtaa wa raketi. Hapa Goma, katika vichochoro vilivyobanana kati ya uwanja wa ndege na mpaka wa Gisenyi, ambako lava ya Nyiragongo ilipita Januari 2002, ukisema mpira watu wanaelewa ule wa miguu. Ubishi wa Messi na Ronaldo haujapata mshindi mpaka leo, na sidhani utampata, kwa sababu wabishi wanalinganisha watu waliosimama kwenye hatua tofauti za maisha yao. Tenisi ndiyo inayoonyesha vizuri ubovu wa hesabu hiyo, maana huko kila pambano limeandikwa: nani kwa nani, lini, kwenye kiwanja gani.

Roger Federer alizaliwa Agosti 1981, Rafael Nadal Juni 1986, Novak Djokovic Mei 1987. Kwa mataji makubwa, yale ya Grand Slam, Federer alistaafu akiwa na 20 na Nadal 22. Djokovic ameshafikisha 24. Sasa rudisha kila mmoja kwenye siku aliyotimiza miaka 29. Federer alikuwa na 16, Nadal 14, Djokovic 11. Msimamo wote umepinduka. Aliyeapa mwaka 2010 kwamba Federer hatafikiwa hakuwa mjinga. Takwimu zilikuwa upande wake. Kilichombadilikia ni kile kilichokuja baada ya miaka 30: Federer aliongeza mataji 4, Nadal 8, Djokovic 12.

Kwa nini mmoja adumu hivyo? Jibu moja liko kwenye kupokea sevu. Mpira uliopigwa kwa kasi ya kilomita 200 kwa saa unamfikia mpokeaji kwa takriban nusu sekunde, na macho na ubongo vinakula kama sehemu mbili za kumi za sekunde kabla mkono haujaanza kusogea. Anayesubiri mpira uondoke kwenye raketi ya mwenzake ameshachelewa. Bingwa husoma bega, kiuno na jinsi mpira unavyorushwa juu, akaanza kuhama mapema. Misuli ya mbio fupi huanza kupungua nguvu umri unapopanda. Usomaji huo huongezeka kwa kila mechi. Mwili unashuka, maarifa yanapanda, na kwa mcheza tenisi kilele ni pale viwili hivyo vinapokutana. Hakuna sheria kwamba vikutane kwa kila mtu katika umri uleule.

Ndiyo maana hata rekodi ya ana kwa ana inadanganya. Fikiria chukudu mbili, zile skuta za mbao za kubebea mizigo, zinazopishana kwenye barabara ya Kibumba: moja inateremka na mzigo wa kabichi, nyingine inasukumwa kupanda. Ukizipima mahali zinapopishana tu, utasema ya kwanza ina dereva hodari. Hadi mwisho wa 2010 Federer alikuwa amemshinda Djokovic mara 13, akafungwa 6. Walipomaliza, Djokovic alikuwa mbele 27 kwa 23. Maana yake, kuanzia 2011 Djokovic alishinda 21 na kupoteza 10 tu. Wachezaji ni walewale, ila mmoja alikuwa amepita 29 na mwingine ndiyo kwanza yuko 23.

Halafu kuna kiwanja. Nadal alimshinda Federer 24 kwa 16, na wengi huishia hapo. Kwenye udongo ilikuwa 14 kwa 2. Ukiuondoa udongo, Federer ndiye anayeongoza, 14 kwa 10. Mimi hili hunisumbua kuliko umri, kwa sababu Federer aliadhibiwa kwa kufika fainali za udongo ambazo mchezaji dhaifu zaidi asingezifikia.

Wanatakwimu huazima mfumo wa Arpad Elo, mwanafizikia aliyeutengenezea sataranji: ukimshinda aliye juu yako unapata pointi nyingi, ukimshinda mnyonge unapata chache. Mfumo huo unasaidia kupima kilele cha mtu dhidi ya wapinzani wa siku hizo, ila hauwezi kuwaleta wafu na wastaafu uwanjani. Wakimbiaji wana raha yao: saa haizeeki. Eliud Kipchoge alikimbia marathoni ya Berlin 2022 kwa 2:01:09 akiwa na miaka 37, na mwaka uliofuata Kelvin Kiptum, mwenye miaka 23, akaimaliza ile ya Chicago kwa 2:00:35. Hapo hakuna wa kubishana.

Kwa vijana, kuweni wapole zaidi. Angella Okutoyi wa Kenya alitwaa Wimbledon ya wasichana wawili wawili mwaka 2022 akiwa na miaka 18. Federer alikuwa bingwa wa vijana hapohapo mwaka 1998. Nadal na Djokovic hawakuwahi kutwaa Grand Slam ya vijana. Na wanaotaka kumtawaza Carlos Alcaraz sasa hivi, yeye atatimiza miaka 29 tarehe 5 Mei 2032. Wasubiri hiyo siku, kisha waongeze miaka mingine kumi.