Mrefu Hafungi Peke Yake

Somo letu la leo ni juu ya mpira wa kikapu.

Huenda umewahi kusimama kando ya uwanja ukasikia watu wakimzomea mchezaji mrefu. "Urefu wa bure!" wanasema. "Yuko chini ya kikapu, na bado anakosa!" Mtu huyo hurudi nyumbani na aibu, na pengine juma lijalo haji tena mazoezini. Je, kosa ni lake? Sikilizeni, kisha mtaamua wenyewe.

Kwanza tuujue uwanja. Kikapu kiko juu, mita 3.05 kutoka chini. Mbele yake pamechorwa eneo lenye upana wa mita 4.9 na urefu wa mita 5.8. Mchezaji ambaye timu yake inashambulia haruhusiwi kukaa humo zaidi ya sekunde 3. Kwa hiyo mchezaji wa ndani husimama ukingoni mwa eneo hilo, amekipa kikapu mgongo, na mpinzani anamsukuma. Mpira ukichelewa, nafasi yake nzuri hupotea. Unapomfikia, amekwisha kusukumwa mbali. Hapo anarusha vibaya, lakini si yeye aliyeanza kuharibu.

Basi wenzake wafanye nini? Yako mambo matatu.

La kwanza ni njia ya mpira. Mpinzani akiziba njia itokayo katikati ya uwanja, msilazimishe. Mpira upelekwe kwa mwenzenu aliye pembeni, karibu na kona, naye autie ndani upesi. Mpinzani akiziba njia ya pembeni, mpira urudishwe katikati. Yeye ana mwili mmoja, hawezi kuziba milango miwili. Tena mpira urushwe kwenye mkono ulio mbali na mpinzani.

La pili ni nafasi. Wale wanne wa nje watawanyike, kila mmoja hatua tano au sita kutoka kwa mwenzake. Wakimkaribia mrefu, wanamletea na wapinzani wao. Ni kama jiko lililojaa watu: mpishi hapati hata mahali pa kugeuzia mwiko.

La tatu ni hesabu. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni. Wapinzani ni 5. Wawili wakimvamia mrefu wetu, wanabaki 3. Wenzetu wa nje ni 4. Toa 3 katika 4, inabaki 1. Maana yake, mmoja wetu hana wa kumzuia! Mrefu amtafute huyo na kumpa mpira. Huyo akifunga mara mbili tatu, wapinzani wataogopa kumwacha. Ndipo mrefu atabaki na mpinzani mmoja tu, naye atapata nafasi ya kugeuka na kufunga.

Tuchukue mfano wa kweli. Hakeem Olajuwon alizaliwa Lagos, Nigeria, mwaka 1963. Kabla ya kucheza mpira wa kikapu, alicheza mpira wa miguu na mpira wa mikono, akawa mwepesi wa kugeuka. Alikwenda Marekani akachezea timu ya Houston Rockets, nayo ikatwaa ubingwa mwaka 1994 na tena mwaka 1995. Alikuwa hodari sana, lakini hakuachwa apigane peke yake. Wenzake wenye shabaha walitawanywa nje. Wapinzani walipomvamia wawili, aliwapa wenzake mpira, nao wakafunga kutoka mbali.

Basi, siku nyingine mtu mrefu akikosa, tusimzomee. Tuulize kwanza: mpira ulimfikia upesi? Ulitoka upande gani? Wenzake walikuwa wamesimama wapi? Wazee walisema kweli: kidole kimoja hakivunji chawa.

Sasa zungumzeni darasani maswali haya, kisha andikeni majibu:

1. Kwa nini mpira ukichelewa mchezaji wa ndani hurusha vibaya?
2. Mpinzani akiziba njia ya katikati, mpira upelekwe wapi?
3. Wapinzani watatu wakimvamia mrefu, ni wenzetu wangapi hawana wa kuwazuia?