Wasemaji wa Wavuja Jasho

Mwanaharakati wa mrengo wa kushoto aliyetoka tabaka la kati ni mtu anayepigania usawa, haki za wafanyakazi na wakulima na mgawanyo wa haki wa mali ya nchi, ingawa riziki yake mwenyewe haitegemei jembe, nyundo wala mzigo wa kichwani. Ana elimu ya juu, mara nyingi ana mshahara wa mwezi, na kazi yake ni ya kalamu na mdomo. Watu wa aina hii wameanzisha na kuongoza sehemu kubwa ya harakati za kijamaa duniani, Afrika Mashariki ikiwemo, na mchango wao ni mkubwa. Hata hivyo, uhusiano wao na watu wanaowasemea umekuwa na kasoro inayojirudia kizazi hadi kizazi: wanawapenda wavuja jasho wakiwa umma, na wanashindwa kumsikiliza mmoja wao anaposema lake.

Kasoro hiyo ina sura tatu. Kwanza, mwanaharakati humchukulia mfanyakazi kama mwanafunzi asiyejua maslahi yake, ambaye lazima aelimishwe, ahamasishwe na aamshwe. Pili, humtukuza kupita kiasi na kumchora kuwa shujaa asiye na hofu, tamaa wala mawazo yanayotofautiana na msimamo wa kundi. Tatu, shujaa huyo asipotenda kama alivyotarajiwa, anageuziwa kibao na kuitwa mwenye kasumba, mbinafsi au mvivu. Mzizi wa sura zote tatu ni mmoja, nao ni imani kwamba anayeijua hali ya mtu ni yule aliyeisoma kuliko yule anayeiishi.

Tabora ina historia ndefu ya jambo hili. Kata ya Ipuli na kata nyingine za manispaa hiyo ziko katika nchi ya kale ya Unyanyembe, njia panda ya misafara, na baadaye mahali reli ya kati ilipogawanyika kuelekea Kigoma na Mwanza. Hapo pia serikali ya kikoloni ilijenga shule ya kuwaandaa watoto wa machifu. Kwa hiyo watu wa mzigo na watu wa kalamu wamekaa pamoja Tabora kwa muda mrefu, na yaliyowapata yanaeleza mengi.

Wapagazi waliojua bei yao

Katika karne ya 19 wapagazi wengi kwenye njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji walikuwa Wanyamwezi waliofanya kazi kwa ujira. Kila mmoja alibeba mzigo wa karibu frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, na juu yake mkeka, chombo cha kupikia na silaha yake. Walipatana ujira kabla ya safari kuanza na walikuwa na kirangozi wao, yaani kiongozi wa msafara. Posho ikichelewa au mwendo ukizidi kiasi, walitua mizigo njiani na kukataa kuinyanyua mpaka yazungumzwe yaishe. Hawa ni miongoni mwa wafanyakazi wa mwanzo wa ujira katika Afrika Mashariki, na mgomo waliujua kabla ya chama chochote kufika kuwafundisha.

Wazungu waliosafiri nao, wengine wakiwa wapinzani wa dhati wa biashara ya utumwa, waliyaandika mambo hayo kama visa vya ukaidi na utovu wa nidhamu. Walimhurumia Mwafrika aliyefungwa minyororo, lakini yule aliyedai ujira wake kwa sauti walimwona kero. Huruma humtaka mtu awe mnyonge. Anaposimama na kutaja bei yake, huruma hiyo huisha haraka.

Karanga za Urambo

Kasoro hiyohiyo ilirudi Tabora kwa njia ya London. Mwaka 1936 mjini humo, Victor Gollancz, Harold Laski na John Strachey walianzisha Left Book Club, chama cha wasomaji kilichosambaza vitabu vya siasa za kushoto kwa bei nafuu. Mwaka uliofuata kilisambaza The Road to Wigan Pier cha George Orwell, kilichoeleza maisha ya wachimba makaa ya mawe wa kaskazini mwa Uingereza. Nusu ya pili ya kitabu iliwageukia wajamaa wa tabaka la kati. Orwell, ambaye mwenyewe alisoma Eton, shule ya watoto wa wakubwa, alieleza kwamba watu wa tabaka lake walilelewa kuamini kuwa wafanyakazi wananuka, na kwamba wajamaa wengi walipenda zaidi kuipanga jamii upya kuliko walivyowapenda maskini wenyewe. Gollancz hakuridhika, akaongeza utangulizi wa kujitenga na hoja hizo.

Strachey naye alisoma Eton, na katika miaka ya 1930 alikuwa mwandishi mashuhuri wa nadharia za Karl Marx. Mwaka 1946 akawa Waziri wa Chakula katika serikali ya chama cha Labour, na akawa mtetezi mkuu wa mpango wa karanga wa Tanganyika. Shabaha ilikuwa kulima zaidi ya ekari milioni tatu katika sehemu za Kongwa, Nachingwea na Urambo, magharibi ya Tabora. Nia ilikuwa njema: wafanyakazi wa Uingereza waliokuwa wakiishi kwa mgao wapate mafuta ya kula, na Waafrika wapate maendeleo. Matrekta yaliletwa kwa wingi, na hata vifaru vya vita vikageuzwa kuwa mashine za kung'oa visiki. Wanyamwezi walikuwa na uzoefu wa kulima karanga na waliijua tabia ya mvua na udongo wa nchi yao, lakini mpango ulichorwa kana kwamba ardhi ile haikuwa na mwenye kuijua. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha baada ya kupoteza pauni zipatazo milioni 36. Waliouidhinisha walikuwa watetezi wa wafanyakazi kweli. Kilichokosekana ni desturi ya kumuuliza mwenye jembe.

Reli, vyama na serikali ya wananchi

Harakati za uhuru ziliwaunganisha watu wa kalamu na watu wa mzigo kuliko wakati mwingine wowote. Julius Nyerere alisoma Tabora kuanzia 1937, akarudi mjini humo kufundisha katika shule ya St Mary's. Ni Tabora pia ambako mkutano wa chama cha TANU wa Januari 1958 ulikubali chama kiingie katika uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Wakati huohuo vyama vya wafanyakazi, vilivyounganishwa mwaka 1955 katika shirikisho la TFL, vilikuwa nguvu kubwa ya mjini. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli walifanya mgomo uliodumu zaidi ya miezi miwili.

Baada ya uhuru ndoa hiyo ikaingia nyufa. Kasanga Tumbo, katibu mkuu wa chama cha wafanyakazi wa reli, alitaka vyama vibaki huru na Waafrika wapewe nafasi za kazi haraka. Serikali ilimteua kuwa balozi London mwaka 1962. Mwaka huohuo alijiuzulu na kuingia upinzani. Mwaka huohuo pia sheria mpya ilifanya mgomo halali ukaribie kutowezekana. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964 viongozi wengi wa vyama waliwekwa kizuizini, TFL ikavunjwa, na mahali pake pakaundwa chama kimoja cha wafanyakazi, NUTA, ambacho katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais.

Hoja ya serikali haikuwa ya kubeza. Watu wa mshahara walikuwa wachache sana nchini, na Azimio la Arusha la 1967 lilionya kwamba watu wa mjini wanaweza kumnyonya mkulima ambaye jasho lake ndilo linalolipa mikopo ya maendeleo. Onyo hilo lilikuwa na ukweli. Lakini kuli wa bandarini na fundi wa reli waliambiwa wafunge mkanda na watu waliokuwa na mishahara mikubwa mno kuliko yao, tena baada ya kunyang'anywa chombo chao cha kujibu. Mkulima aliyetetewa katika hoja hiyo naye hakupona: kati ya 1973 na 1976 mamilioni ya watu wa vijijini walihamishwa, wengi kwa nguvu, kwenda vijiji vilivyopangwa ofisini.

Mlimani na viwandani

Oktoba 1966 wanafunzi wa elimu ya juu waliandamana Dar es Salaam kupinga Jeshi la Kujenga Taifa kwa lazima na makato ya mishahara yaliyoambatana nalo. Karibu 400 walirudishwa makwao, na Nyerere akapunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Mwaka 1967 kikundi kidogo cha wanafunzi kilijitenga na ubinafsi wa wenzao kwa kuunda USARF, umoja wa wanafunzi wa kimapinduzi wa Chuo Kikuu, Mlimani, ambao Yoweri Museveni alikuwa mwenyekiti wake wa kwanza. Waliendesha madarasa ya itikadi siku za Jumapili, wakaenda kufanya kazi katika vijiji vya ujamaa na kutoa jarida la Cheche. Ndani ya jarida hilo Issa Shivji alieleza jinsi tabaka jipya la wakubwa lilivyokuwa likijijenga kwa jina la ujamaa. Novemba 1970 kikundi na jarida vyote vilipigwa marufuku.

Vijana hao waliona kwa makini kuliko wengi, lakini jukwaa lao lilikuwa chuoni, na sehemu kubwa ya mjadala wao ilikuwa kwa Kiingereza. Mfanyakazi aliyezungumzwa humo hakuweza kuusoma wala kuujibu. Alijibu kwa njia yake mwenyewe. Februari 1971 TANU ilitoa Mwongozo, ambao kifungu chake cha 15 kilimkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi walikishika kifungu hicho barabara. Kuanzia mwaka huo hadi 1973 viwanda kadhaa vilikumbwa na migomo, na mara nyingi dai la kwanza halikuwa nyongeza ya mshahara bali kuondolewa kwa meneja anayetukana watu. Katikati ya 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walimfungia nje mwajiri wao na kukiendesha wenyewe. Wengine walipojaribu kufuata nyayo hizo, serikali ya wakulima na wafanyakazi iliwazima na wengi wakafukuzwa kazi.

Funzo lake ni zito. Wasomi wa siasa ya darasa walidhani kazi iliyobaki ni kumfundisha mfanyakazi unyonyaji ni nini. Yeye alikuwa anaujua tayari, na kilichomuuma zaidi kilikuwa heshima yake. Nadharia iliyohesabu mishahara na faida peke yake haikuwa na nafasi ya tusi la meneja.

Walipokaa chini pamoja

Upo mfano wa namna nyingine. Huko Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru nchini Kenya, Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi na mwalimu wa chuo kikuu, na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walishirikiana na wanakijiji kuandaa mchezo wa kuigiza kwa Kikuyu mwaka 1977. Rasimu ya mchezo iliwekwa mbele ya watu, nao wakaichambua. Wazee walisahihisha lugha ya wasomi, kwa sababu maneno ya mzee hayafanani na ya kijana. Wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata kilichokuwa jirani walikaa na kupiga hesabu ya thamani wanayoizalisha na sehemu ndogo wanayolipwa, kisha wakawaeleza wengine. Mwalimu wa chuo kikuu akawa mwanafunzi bila kupoteza elimu yake. Mchezo ulijaza watu hadi serikali ilipoupiga marufuku Novemba mwaka huo, na Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini mwezi uliofuata. Ukali huo unaonyesha watawala waliogopa nini: msomi na kabwela waliozungumza kama watu sawa.

Warsha na posho

Tangu miaka ya 1990, baada ya siasa ya ujamaa kuachwa, harakati nyingi zimehamia kwenye asasi za kiraia zinazotegemea fedha za wafadhili. Shivji ni miongoni mwa waliozionya mapema kwamba nyingi zinaongozwa na wasomi wa mjini na zinawajibika kwa mfadhili kabla ya kuwajibika kwa umma. Matokeo huonekana kwenye warsha. Mama lishe au dereva wa bodaboda kutoka mtaa kama wa Ipuli akialikwa hualikwa kutoa ushuhuda: anaeleza shida zake kwa dakika chache, anapigiwa makofi, kisha mtaalamu anapanda jukwaani kueleza maana ya alichosema. Mapendekezo yalikuwa yameandikwa tayari. Naye aliyepoteza siku ya biashara husemwa kwamba amefuata posho, ingawa aliyemwalika analipwa mshahara kwa siku hiyohiyo.

Kipimo kikali zaidi kiko nyumbani. Kaya nyingi za tabaka la kati, za wanaharakati zikiwemo, zina dada wa kazi anayeamka kabla ya wote na kulala baada ya wote. Sheria za kazi Tanzania zinamtambua kuwa mfanyakazi mwenye haki ya mkataba, mapumziko na kima cha chini cha mshahara, na chama cha CHODAWU kinawaandikisha watu wa kazi hiyo. Anayeandika juu ya unyonyaji wa viwandani huku dada huyo hana siku ya mapumziko hajaanza kazi yake.

Elimu ya mwanaharakati haina kosa. Wavuja jasho wanahitaji mwanasheria, mhasibu, mtafiti na mwandishi, na harakati nyingi zingekwama bila wao. Tofauti iko katika mamlaka. Uhusiano wa haki hutambulika kwa mambo manne: nani anapanga ajenda, lugha ipi inatumika mkutanoni, nani anashika fedha, na kama kauli ya hapana kutoka kwa mfanyakazi inaweza kubadilisha uamuzi. Pale ambapo majibu yote manne yanaelekea kwa msomi, anayesemewa atabaki kusemewa, hata msemaji akiwa na nia njema kiasi gani. Pale ambapo mwenye mzigo ana kauli ya mwisho juu ya mzigo wake, elimu ya msomi hupata kazi yake ya kweli, yaani kuitumikia sauti ambayo tayari ipo.