Mimea Inayokula Wadudu: Iko Wapi, na Inapoteaje?



Mwaka huu mmoja wenu aliniuliza, "Ustadh, ni kweli upo mmea unaokula nyama?" Darasa zima likacheka. Nikamjibu kuwa upo, tena hauko ng'ambo tu, hata Tanzania upo. Niliahidi kuandika, na ahadi ni deni.

Mmea wowote hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, maji na hewa, lakini huhitaji pia naitrojeni na fosforasi kutoka ardhini. Mimea hii huota penye maji na udongo hafifu, mahali ambapo mahindi yangekuwa manjano matupu. Rutuba inayokosekana udongoni huipata kwa wadudu.

Kwetu zipo hasa jamii mbili. Ya kwanza wataalamu huiita Drosera. Ni mmea mfupi, majani yake yana vinywele vyenye matone ya ulimbo yanayong'aa kama umande. Inzi akitua hunasa, vinywele humwinamia, kisha huyeyushwa taratibu. Ya pili ni Utricularia, isiyo na mizizi kabisa, nayo hukaa majini au kwenye tope. Ina vifuko, vingi vidogo kuliko punje ya mtama. Kifuko husukuma maji nje na kubaki kimebonyea. Kidudu kikigusa unywele wa mlangoni, mlango hufunguka na kukifyonza ndani kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Subhana Allah! Ule mmea wenye kikombe, Nepenthes, hauoti Afrika bara, bali uko Madagaska na Shelisheli.

Je, inapoteaje? Wapo wanaoing'oa. Huko Marekani, tangu mwaka 2014, kuiba porini mmea wa mtego wa inzi ni kosa kubwa la jinai katika baadhi ya wilaya za North Carolina. Madagaska nako Drosera huchumwa na kuuzwa Ulaya kwa dawa ya kikohozi, kwa kuwa ya huko Ulaya imepungua.

Lakini adui mkubwa zaidi ni jembe na mfereji. Mmea wa majini uitwao Aldrovanda huonekana Afrika, Asia, Ulaya na Australia, ila Italia na Ufaransa umekwisha toweka. Maji yake yalikaushwa au yakachafuliwa. Mbolea ya chumvichumvi ikitiririka kutoka shambani, mwani hustawi na kufunika maji, na mmea mdogo hukosa mwanga. Kinachoneemesha shamba ndicho kinachouua.

Nasi tuna desturi ya kuiita mbuga inayotuama maji kuwa ardhi isiyo na kazi. Msitu wetu wa Mgori nao uliwahi kufyekwa hivyo hivyo, mpaka katikati ya miaka ya 1990 vijiji vitano vilipogawana ulinzi wake, kila kijiji na sehemu yake, kwa sheria na walinzi wao wenyewe.

Mvua zikishika, in shaa Allah, tutakwenda mbugani na madaftari. Atakayeona jani dogo lenye umande saa saba mchana, wakati umande wote umekauka, aite wenzake walichore. Asiling'oe.