Dakika Kumi na Nane Mbele za Watu: Mihadhara ya TEDx Vyuoni



Kila mwaka baadhi ya wanafunzi wetu humaliza skuli na kuingia vyuo vikuu. Huko wengi hukutana na mkutano uitwao TEDx, ambamo wanafunzi wa chuo, na wale waliohitimu zamani, hupanda jukwaani mmoja mmoja na kutoa mhadhara mfupi mbele ya hadhara. Tumeona tuueleze mkutano huo, kisha tutazame mzigo anaoubeba mwenye kupanda.

Asili yake

TED ilianza Marekani mwaka 1984, ikiwa ni mkutano wa teknolojia, burudani na ubunifu. Jina lake ni herufi za mwanzo za maneno hayo kwa Kiingereza. Mwaka 2006 mihadhara yake ilianza kuwekwa kwenye intaneti ili kila mtu aitazame bila malipo. Mwaka 2009 mlango ukafunguliwa zaidi: watu wa mji wowote au chuo chochote waliweza kuomba kibali na kuandaa mkutano wa aina hiyo kwao. Herufi x inaonyesha kuwa waandaaji ni wenyeji wenyewe. Mkutano wa kwanza wa TEDx ulifanyika mwaka huo katika Chuo Kikuu cha Southern California, mjini Los Angeles, na kabla ya mwaka kwisha Kibera ya Nairobi nayo ilikuwa na wake.

Taratibu zake

Mzungumzaji hapewi zaidi ya dakika 18. Halipwi. Haruhusiwi kutangaza biashara yake, kupigia debe chama cha siasa, wala kulingania dini. Anatakiwa alete wazo moja lenye manufaa, na maneno yake hurekodiwa.

Kuhusu ufupi huo, sisi Waislamu tusishangae. Mtume (s.a.w.) alihimiza khutba iwe fupi, na ufupi wake akauhesabu kuwa ni alama ya ufahamu wa khatibu. Mwenye dakika chache hana budi kuchagua la kusema, na hawezi kuchagua asichokifahamu.

Kijana wa Malawi

Mwaka 2007 TED walifanya mkutano wao Arusha, Tanzania. Alipanda William Kamkwamba, kijana wa Malawi aliyeacha skuli kwa kukosa ada wakati wa njaa. Alisoma vitabu vya maktaba, akaunda mtambo wa upepo wa kuzalisha umeme kwa vipande vya baiskeli na vyuma chakavu. Jukwaani alishikwa na hofu, na Kiingereza chake kilikuwa kidogo. Alizungumza kwa dakika chache tu, lakini alisema alichokifanya kwa mikono yake, na watu wakamsikiliza. Wapo waliojitolea kumsaidia arudi masomoni, na mwaka 2014 akahitimu Dartmouth College, Marekani.

Basi hofu si aibu. Nabii Musa (a.s.), alipotumwa kwa Firauni, alimwomba Mola wake amkunjulie kifua na alifungue fundo la ulimi wake, na akaomba nduguye Harun awe msaidizi. Aliomba msaada, kisha akaenda.

Jukwaa si ushahidi

Liko jambo la kutahadhari. Mwaka 2012 TED waliwaandikia waandaaji wa TEDx kuwaonya, kwa sababu baadhi ya mikutano ilikuwa imewapa nafasi watu wenye madai yaliyovaa nguo ya sayansi na hali hayana msingi. Taa na makofi havigeuzi uongo kuwa kweli.

Wanafunzi wa madrasa tunayo silaha ya jambo hili. Tumefundishwa kuuliza sanad: hadithi hii imepokewa na nani, naye kaipata kwa nani? Swali hilo tuliulize tunaposikiliza mhadhara wowote, na tujiulize wenyewe kabla ya kupanda. Ukisema lisilo kweli barazani, mzee mmoja atakusahihisha papo hapo. Likirekodiwa, litafika kwa watu ambao masahihisho yako hayatawafikia. Maneno ni amana.

Kwa anayejiandaa

1. Chagua wazo moja, uliseme kwa sentensi moja kabla ya kuandika mengine.
2. Sema unachokijua au ulichokifanya. Ulichokipokea kwa mwingine, mtaje.
3. Jizoeze kwa saa, mbele ya mtu atakayekwambia ukweli.
4. Ukiulizwa usilolijua, sema hujui. Wanavyuoni wakubwa walisema hivyo na heshima yao haikupungua.

Nanyi wazazi, mwana anayenyamazishwa kila akifungua kinywa nyumbani hatapata ulimi siku ya kufika chuoni. Mpeni nafasi aeleze alichosoma, na mumuulize kakipata wapi. Siku ya Maulid na siku ya mahafali yetu, mtoto anayesoma risala ya dakika tano anajifunza kazi hiyohiyo.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azifungue ndimi zetu kwa lililo kweli na azifunge kwa lisilokuwa kweli. Amin.

Wabillahi tawfiq.